Koti Lililokuja Bila Mwenyewe

Katika nchi yetu hajapata kuingia mgeni asiyejulikana. Hajapata! Wakati Chande yuko langoni, na Chande ndiye mimi, hata nzi aliyetaka kupita alibisha hodi kwanza, akafuta miguu yote sita, akangoja kuitwa. Malango yetu yalisifiwa hadi nchi za mbali, huko ambako hata malango hayapo.

Asante kwa benchi, Mzee Mbaruku. Wewe mlinzi wa lango, mimi mlinzi wa lango. Tukikaa pamoja hivi ni kama vinyozi wawili, hakuna wa kumdanganya mwenzake habari za kichwa. Asante kwa uji, Mama Siwatu. Nitaunywa. Unanukia iliki mpaka mtu anataka kulia. Acha upoe kidogo. Na koti sivui, mama, uniwie radhi. Si kiburi, ni baridi. Mtu aliyekimbia nchi yake huwa na baridi yake peke yake, hata jua likiwaka.

Naona mmeziba vishimo vyote vya lango lenu kwa nta. Vizuri sana. Na mmesema hambandui nta hata kidogo mpaka nieleze nchi yangu imepatwa na nini, na mimi nimetokaje. Ni haki yenu. Nikieleza vizuri mtanifungulia. Nisipoeleza vizuri nitabaki huku nje na vumbi. Basi sikilizeni. Ila mjue, mimi nikisema kweli huwa nachekacheka. Ni kasoro ya mdomo, tangu shule. Mwalimu wa nidhamu alinichapa kwa ajili hiyo hadi akachoka yeye.

*

Nchi yetu ilikuwa kama yenu tu. Ndogo, ya mviringo, ukuta pande zote, malango mengi, na katikati Jumba. Ndani ya Jumba alikaa Mtukufu Kiini. Picha yake ilitundikwa kila mahali, yaani picha ya Jumba, kwa sababu yeye mwenyewe hakuna aliyemwona. Mtukufu hakutoka. Hakuhitaji kutoka. Alijua yote: jinsi ya kuoka mkate, kuchoma tofali, kusuka kamba, kuziba ufa, na yote aliyoyajua aliyaweka katika nyimbo.

Akitaka mkate, anamwimbia mwimbaji mmoja wimbo wa mkate kupitia tundu la dirisha. Mwimbaji anatoka mbio hadi karakana, anauimba, mafundi wanaoka. Akishauimba mara kadhaa sauti inamkauka, anastaafu kwa heshima zote na kijiko cha asali. Ndivyo tulivyotawaliwa. Msicheke. Kuna nchi zinatawaliwa kwa mambo ya ajabu zaidi, na wimbo wenyewe hawajui.

Mafundi wetu hawaulizi. Hiyo ndiyo ilikuwa fahari ya taifa, ilikuwa hata kwenye wimbo wa taifa. Wimbo ukianza na "Haya, fundi!" mikono yote inanyanyuka. Ukifika "Basi," mikono inashuka. Kati ya Haya na Basi fundi hana maoni.

Shangazi yangu Zawena, ndiye aliyenilea, alikuwa kiongozi wa Karakana ya Mashariki. Nikiwa kidato cha pili, nimetoka kwenye somo la uraia nimejaa maswali kama kunguni kwenye godoro, nilimwuliza:

"Shangazi, na wimbo ukiletwa na mtu ambaye hakutumwa na Mtukufu?"

Akanitazama kama nimemtukania wazazi.

"Mwanangu, fundi husikiliza mdundo. Habari za mtunzi zinanihusu nini? Nikianza kuuliza kila wimbo umetungwa na nani, mkate utaoka wewe?"

"Nitaoka, shangazi."

"Wewe! Wewe hata maji ukiyachemsha yanaungua."

Basi tukacheka, tukala mkate. Mkate wa shangazi, Mama Siwatu, ulikuwa na ukoko unaolia kwa sauti ukiutafuna. Nausema tu. Sasa hivi sina njaa.

*

Habari za malango mnazijua, lakini nitazisema ili mwone kwamba sifichi kitu. Kila lango lina kishimo chenye umbo lake. Wachukuzi wa chumvi wana kifungo cha koti kinachoingia kishimo cha chumvi, wachukuzi wa sukari wana kifungo kinachoingia cha sukari. Kifungo kikikaa kishimoni, lango linalegea lenyewe, mgeni anaingia barazani. Jina hatuulizi. Kumwuliza jina mtu ambaye kifungo chake kimekaa sawasawa ni ushamba.

Hapo barazani kuna mlango wa pili, na hapo ndipo ilipo desturi yetu kubwa. Mlinzi mmoja anashika komeo. Mwenzake anainama kwenye kola ya mgeni, anaita humo ndani: "Nani humo?" Na aliye ndani ya koti ajibu kwa kinywa chake. Akijibu, komeo linavutwa. Asipojibu, halivutwi, hata koti liwe zuri namna gani. Babu zetu waliweka desturi hiyo kwa sababu walijua kwamba ndani ya koti huweza kuwa na mtu, na huweza kuwa na jambo.

Nanyi mnayo desturi hiyohiyo. Nimekuona, Mzee Mbaruku, unavyoitupia jicho kola yangu. Tutafika huko. Hatuna haraka.

Mwenye kushika komeo alikuwa Somoe. Mwenye kuuliza, mimi. Huyo Somoe ni binti mkavu, hacheki hata umtekenye kwa unyoya. Kwa hiyo kazi yangu ya pili, isiyo na mshahara, ilikuwa kumchekesha. Mimi naiga sauti. Nilimwigia waziri, nikamwigia shangazi, nikamwigia mbuzi wa waziri. Siku moja aliposikia huyo mbuzi alivuta komeo akitoka kumfukuza. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye akasema, "Chande, ipo siku." Nikamwambia, "Siku zipo nyingi, chagua."

Na ukutani, karibu na lango, ilitundikwa pembe ya hatari. Nchi ikivamiwa, mwenye pembe anaipiga, ili majirani wazibe vishimo vyao mapema. Pembe hiyo ilikuwa dhamana yangu, na ilikuwa safi siku zote. Safi kabisa. Karibuni karanga, jamani. Nilikuwa nazo mfukoni. Kuleni nyinyi.

*

Sasa mgeni. Alikuja adhuhuri.

Lilikuwa koti zuri, sijui niwaelezeje. La pembepembe, limeshonwa kwa vipande vilivyolingana, huoni mbele wala nyuma, na vifungo vimechomoza kila upande. Halikutembea. Lilikuja likisukumwasukumwa na upepo pamoja na wachukuzi, kama kitu kisicho na shughuli yoyote duniani. Likagonga lango letu, likarudi. Likagonga tena, likageuka. Mara ya tatu kifungo kimoja kikatumbukia kwenye kishimo cha sukari, tko! Lango likalegea.

Likaingia barazani. Somoe akashika komeo. Mimi nikainama kwenye kola nikauliza: "Nani humo?"

"Akajibu?" Mzee Mbaruku, unauliza vizuri. Akajibu, bila shaka. Akajibu kwa sauti nene ya mtu mzima: "Ni sisi wa sukari, binti, fungua, jua kali." Somoe akavuta komeo. Utaratibu ulifuatwa. Atakayewaambia vinginevyo hakuwepo, au alikuwepo lakini amegeuza uso.

Koti lilipofika ndani tu, likafunguka mishono. Likaanguka chini. Tukatazama: hakuna mtu. Hakuna miguu, hakuna tumbo, hakuna kinywa cha kunywea maji ya mgeni. Kilichokuwemo ni wimbo. Ukatoka kama mvuke wa sufuria, ukaelekea karakana.

Wala haukuwa mrefu. Mimi nilitarajia kitu kinachovamia nchi kiwe na akili nyingi. Nyimbo za Mtukufu zilikuwa maelfu. Huu ulikuwa mmoja, hivi:

Haya, fundi, shona koti,
koti la kuvaa wimbo;
ukishashona, uimbe,
ukishaimba, ushone.
Basi.

Nimekusikia, Mzee Mbaruku. Nimesema tu, sijaimba. Huo unaopiga mdundo ni mguu wangu tu. Mguu una mambo yake.

Na lile koti tupu lililobaki chini? Sijui lilikwenda wapi. Vitu hupotea. Mama Siwatu, tafadhali, usishike mshono huo, umekwaruzika njiani. Hili ni koti lingine. Makoti hufanana.

*

Karakana ya Mashariki ikasikia "Haya, fundi," mikono ikanyanyuka. Shangazi Zawena alikuwa katikati ya kukanda unga. Akauweka kando, akachukua sindano. Wakashona. Waliposhona wakaimba, kama walivyoagizwa, na waliposikia wenzao wanaimba wakashona. Wimbo ukatoka karakana ya kwanza ukaingia ya pili. Kabla uji kama huu haujapoa, nchi nzima ilikuwa inashona makoti na kufundishana wimbo, na kila koti likikamilika wimbo mmoja unajiingiza humo, linajifunga vifungo, linasimama.

Hapo ndipo serikali ilipoamka. Ilifurahi.

Tulikuwa na Waziri wa Malango, Ukarimu na Takwimu, Mheshimiwa Pakacha, mtu mwenye shingo ya kuhutubia. Alikuja uwanjani, akapanda jukwaa, akafuta jasho ambalo halijatoka.

"Ndugu wananchi! Uzalishaji umepanda! Umepanda mpaka wanaohesabu wameomba likizo! Wapo watu wenye vinywa wanaosema mkate umeadimika. Nawauliza: mkate huvaliwa?"

"Hauvaliwi!" tukajibu.

"Nchi changa hupimwa kwa tumbo. Nchi iliyokomaa hupimwa kwa mabega! Tazameni mabega haya!"

Akaonyesha makoti. Yalikuwa yamejipanga safu kwa safu, yamesimama wima, hayana shingo wala viganja. Mheshimiwa akashuka kuyakagua. Akapeana mkono na mikono mitupu, mmoja baada ya mwingine, akiinamisha kichwa.

"Vijana hawa," akasema, na sauti ilimtetemeka kwa upendo, "wana nidhamu. Hawana njaa, hawana maswali, hawana hata nyuso za kununia watu. Ningepewa raia wa namna hii tangu mwanzo tungekuwa mbali."

Akatoa nishani. Ikabandikwa kwenye koti la mbele. Wananchi wakapiga makofi, na makofi yenyewe, nilikuja kugundua baadaye, yalikuwa yanafuata mdundo uleule.

Halafu Mheshimiwa akaniita pembeni. "Kijana, ni wewe ulikuwa langoni siku mgeni alipoingia?"

Nikasema, "Mheshimiwa, mimi na Somoe..."

"Usiwe mnyenyekevu. Umeliletea taifa mwekezaji. Naona hata koti amekuachia, hongera, limekukaa." Akaniegemea sikioni. "Ile pembe yenu, msiipige ovyo. Majirani wakisikia watadhani kuna tatizo."

Hapana, hapana. Mheshimiwa alikosea kuhusu koti. Alikuwa mzee, macho yalimsumbua. Endeleeni na karanga.

*

Huko Jumbani Mtukufu Kiini akaona njaa. Akamwimbia mwimbaji wimbo wa mkate, mwimbaji akatoka mbio. Karakana ya kwanza wakamwambia ashike foleni. Ya pili wakamwambia foleni imekwisha, ashike sindano. Njiani nyimbo zilikuwa nyingi kiasi kwamba ule wake ulimegukameguka mdomoni. Akarudi kwenye tundu la dirisha.

"Mkate uko wapi?" Mtukufu akauliza.

"Upo, Mtukufu. Koti."

"Nilisema mkate."

"Ndiyo, Mtukufu. Mikono miwili na kola."

Akatuma mwingine, naye akarudi vivyo hivyo. Wanasema mwishoni Mtukufu mwenyewe alikuwa anagonga kioo cha dirisha lake kwa ndani, kama mpangaji aliyefungiwa na mwenye nyumba. Sisi huko nje tuliposikia kugonga tukadhani ni ngoma, tukaongeza kasi.

Tanuri zilikuwa zinawaka usiku na mchana ili karakana zisisimame. Kuni zilipokwisha wakachoma viti. Viti vilipokwisha wakachoma ngazi za kupandia ukutani, na hapo ndipo ukuta ulipokosa mafundi wa kuziba nyufa; na hata kama wangepanda, tofali hakuna, maana wimbo wa tofali hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuusikiliza. Makoti yakajaa barabarani, yakajaa sokoni, yakajaa visimani. Ukuta ukaanza kutuna kama shavu la mtu mwenye jino bovu.

Nilikwenda kumwona shangazi.

Nitasimulia hili haraka.

Alikuwa amekaa palepale. Vidole vilikuwa vimevimba, na uzi ulikuwa umebadilika rangi kwa damu yake. Hakuweza kuitikia shikamoo yangu, hakuweza kusimama. Lakini wimbo ule una mahali pamoja pa kupumua, kati ya "Basi" na "Haya." Padogo sana. Shangazi alikuwa anasemea hapo.

"Basi. Chande. Haya, fundi, shona koti..."

Nikapiga magoti. Nikangoja wimbo uzunguke.

"Basi. Nani kafungua? Haya, fundi..."

Nikasema, "Shangazi, hata mimi nishonee moja." Mzaha tu. Nilitaka acheke. Nilipokuwa mdogo nikivunja kitu, nilikuwa nikimchekesha kwanza, halafu tunaokota vipande pamoja.

Hakucheka. Akanitazama kifuani, akanitazama mabegani, akatazama sindano yake, kama fundi anayeona mshono ambao haukutoka mkononi mwake. Sijui aliona nini.

"Basi. Pembe. Haya, fundi..."

Wimbo ukazunguka.

"Basi. Kapige. Haya, fundi..."

Na tena, na uzi ukimkata kidole:

"Basi. Wenzetu wazibe. Haya, fundi..."

Nikatoka. Sikusubiri mzunguko mwingine. Pengine alikuwa na neno moja zaidi. Pengine lilikuwa jina langu tu.

Mama Siwatu, usilie, utaharibu uji.

*

Nikaenda langoni nikapiga pembe. Nilipiga mpaka mashavu yakauma. Nilipiga kwa ajili yenu, majirani, kabla hata sijajifikiria mwenyewe.

"Tulisikia nusu ya mlio." Ndiyo, Mzee Mbaruku. Upepo. Upepo ulikula nusu.

Lakini si mliziba? Si hii nta hapa? Basi aliyewaokoa mnaye hapa kwenye benchi lenu.

Ukuta wetu haukuanguka, ulipasuka, kwa kutokea ndani, kama tunda lililoiva kupita kiasi. Makoti yakamwagika nje bila kusukumana, yana adabu mpaka mwisho. Upepo ukayapokea, ukayagawa njia zote. Jumba likafunguka, na ndipo kwa mara ya kwanza tulipomwona Mtukufu Kiini. Alikuwa uzi. Uzi mrefu, mwembamba, uliosokotwa vizuri sana, na umekatikakatika. Mheshimiwa Pakacha aliuona, akauliza kama ungefaa kushonea.

Shangazi sikumwona.

Mimi nikatembea mpaka hapa. Habari ndiyo hiyo, haina mkia. Sasa Mzee wangu, bandua nta ya kishimo cha sukari, nipite. Nimechoka, nanyi mmeona nilivyo: kijana mmoja, mlinzi mwenzenu, mcheshi. Nchi yenu inaonekana ina karakana nzuri. Nazisikia kutoka hapa. Mafundi wenu wana mikono yenye bidii.

Mbona unatazama nyuma yangu?

Huyo? Huyo ni mkimbizi tu. Wanakuja wengi. Huyo mwenye kanga, asiye na koti...

Somoe! Somoe, mwenzangu! Wewe mzima? Njoo ukae. Nilikuwa nawasimulia jinsi tulivyo...

Hanisikii. Amejaza nta masikioni. Tangu lini ana nta masikioni?

"Shikamoo, Mzee Mbaruku. Semeni nami kwa mikono, sisikii, na sitaki kusikia. Msimfungulie huyu."

Ana mzaha huyu binti! Na nilikuwa nawaambia hacheki.

"Kawaambia mgeni alijibu barazani? Hakujibu. Kola ilikuwa kimya kama kaburi. Sauti iliyosema 'ni sisi wa sukari' ilikuwa yake. Alitaka anione nikivuta komeo kwa koti tupu, acheke. Na alicheka. Alikaa chini akacheka, mimi nimeshika komeo mkononi."

Jamani, mtu huiga sauti. Ni kipaji. Sikujua kama...

"Kawaambia alipiga pembe? Niliyepiga ni mimi. Nilipuliza haikulia. Nikapuliza tena, zikatoka karanga. Alikuwa anaifanya ghala la karanga zake. Bila shaka mlisikia nusu tu: nusu ya kwanza ilikuwa karanga. Nchi tatu zilizo nyuma ya kilima hazikusikia hata hiyo nusu. Nimepita huko. Wanashona."

Mzee Mbaruku, usiziteme hivyo. Hazina kosa, zimekaangwa vizuri.

"Sisemi haya kwa hasira. Zawena alinifundisha kushona pindo la kanga hii. Nilimziba masikio kwa nta, lakini nilikuwa nimechelewa. Mikono iliendelea bila wimbo. Aliniaga kwa macho. Kisha nikatoka. Huyu nilimwita atoke nami, alikuwa amesimama barazani anajifunga vifungo."

Nilikuwa na baridi. Nimewaambia nina baridi!

"Mzee Mbaruku, nakuuliza kitu kimoja. Mgeni yule alikuwa nini? Alikuwa koti, na wimbo ndani yake. Hakuwa na kitu kingine. Koti mnaliona. Je, uji ameunywa?"

Mama Siwatu ananitazama. Ameshika bakuli. Limejaa kama alivyolileta, utando umeganda juu.

Nilisema uache upoe. Sasa umepoa, mama, lete, nitaunywa, mtaniona nikiunywa. Hivi hunywewaje?

"Na tazameni mguu wake. Tangu nimefika hapa haujakosea hata pigo moja."

Nausimamisha. Mnaona? Nausimamisha. Subirini kidogo.

Mzee Mbaruku ameinuka. Anakuja polepole, ana adabu ya kazi yake, hata fimbo hakuchukua. Anainama. Pumzi yake naisikia kwenye kola.

"Nani humo?"

Ni swali dogo. Nimeliuliza maisha yangu yote, sikujua kwamba lina uzito huu mtu akiwa upande wa ndani. Jibu ninalo. Mimi ni Chande. Mimi ni mtoto wa Zawena wa Karakana ya Mashariki, nachekacheka nikisema kweli. Ni kulisema tu. Somoe ananitazama, hacheki. Mama Siwatu ameweka mkono mdomoni. Nafungua kinywa niseme jina langu.

"Haya, fundi..."